Siku Mama Alipotaka Meikapu

Mama mdogo wangu ana saluni ya chumba kimoja, katikati ya fundi wa kuchonga funguo na duka la rangi za nyumba. Watani wake husema kwamba poda ikimwishia hugonga ukuta wa jirani apewe ndoo ya rangi nyeupe. Yeye hakasiriki. Husema ukuta ukipakwa vibaya haulalamiki, lakini bibi harusi ana mashangazi.

Wateja humwita Mama Poda. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Kazini lakini huanza kwa kunyamaza. Humkalisha mteja kwenye kiti cha kinyozi alichokinunua kikiwa kimechakaa, humpandisha kwa kukanyaga pedali, kisha humwangalia tu. Humuuliza kama amelala vizuri. Humgusa shavu kwa mgongo wa kidole, ajue kama ngozi ni kavu au ina mafuta. Halafu huminya krimu za rangi mbili tatu juu ya mgongo wa mkono wake wa kushoto, akazichanganya hapo hapo na kuusogeza mkono karibu na shavu la mteja, mpaka usijue rangi ya krimu inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Akiwa katika hilo, hata ukimwambia nyumba inaungua atakwambia subiri kidogo.

Shule aliiacha mapema, na Kiingereza chake chote amekitoa kwenye makopo na maboksi. Anajua kwamba waterproof ni wanja usioogopa machozi, na kwamba matte ni poda isiyong'aa. Na make up, maneno yaliyoandikwa karibu kwenye kila boksi lake na juu ya mlango wa saluni, ni meikapu, yaani kazi yake inayomweka mjini. Hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba maneno hayo yana shughuli nyingine mahali pengine.

Mama yangu naye ni dobi. Ana duka la kufulia nguo mbele ya nyumba yetu: kaunta, mashine mbili zinazonguruma, na nyuma yake chumba cha kupigia pasi chenye joto la kuivisha mkate. Amemzidi mdogo wake miaka mingi. Mama yao alipofariki, Chiriku alikuwa bado analala na kidole mdomoni, na Mama ndiye aliyemlea kwa mikono iliyochujuka kwa sabuni. Hajawahi kujipaka hata mafuta yenye harufu. Furaha yake ni kuinua shati kwenye mwanga na kulitambua doa: hili ni chai, hili ni wino, hili ni rangi ya mdomo, tena siyo ya mkewe. Hilo la mwisho hulisema moyoni tu, akalifua likatoka, na mwenye shati akachukua shati lake na amani yake.

Ndugu hao wawili walipendana sana mpaka siku ya harusi yangu.

Asubuhi ile Mama Mdogo alinikalisha chumbani, akanifanyia kazi ambayo hajapata kumfanyia mtu mwingine. Alinipenda, na mapenzi yake yote yaliishia usoni kwangu. Alipaka, akarudi nyuma akatazama, akapaka tena. Kope zilikuwa nzito hadi nikahisi usingizi. Alipomaliza akanishika kidevu, akanigeuza kwenye kioo, akasubiri nimsifu, na kabla sijasema kitu Mama akaingia na gauni langu mkononi, limetoka kwenye pasi.

Mama alinitazama. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekosea mlango, huyu ni nani. Halafu akasema mwanawe amegeuzwa ubao wa matangazo. Akachukua taulo, akalilowanisha kwenye beseni, akanifuta uso wote mbele ya mama mdogo wangu, kwa nguvu zile zile anazotumia kwenye kola za mashati. Mama Mdogo alimwomba aache. Mama akasema, kazi yako wewe ni kuwaficha watu. Mama Mdogo akajibu kwamba heri kuficha nyuso kuliko kuchokoa uchafu wa nguo za watu maisha yako yote.

 Uchafu huo wa nguo za watu ndio uliomlisha na kumvisha, na wote wawili walilijua hilo. Mama Mdogo akafunga sanduku lake la vifaa, akatoka bila kula. Mimi niliolewa na uso mtupu uliovimba, na kwenye picha naonekana kama mtu anayesindikiza harusi ya mwenzake.

Kimya chao kilidumu miaka. Hawakuwa na chuki, walikuwa na kiburi. Nikimtembelea Mama Mdogo saluni, alikuwa akiniuliza, huku akifuta brashi, kama kule kwetu paa limeacha kuvuja. Nikirudi nyumbani, Mama alikuwa akisema nasikia siku hizi wanawake wanajipaka hata kwenda sokoni, lazima wapo watu wanaopata kazi. Ndivyo walivyojuliana hali, kila mmoja akijitia hamnazo. Sisi watoto tulijaribu kuwakutanisha, tukaambiwa tushughulike na ndoa zetu.

Kisha kaka yangu akaoa. Mkewe ni mgeni, mzaliwa wa nchi ya mbali, Kiingereza ndiyo lugha aliyonyonya. Walikaa nyumbani kwa Mama, na wifi yangu akaanza kujifunza Kiswahili kwa bidii ya kutisha. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya sekondari, kwa hiyo nikawa mtu wake wa kukimbiliwa. Siku moja alinifuata akiwa na wasiwasi, akaniuliza hizi nguo zimekosa nini hata Mama aseme kila siku anazipiga pasi. Nikamwambia kwetu tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Akacheka, akasema basi tuko sawa, maana Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo: kitenzi cha kawaida kabisa kikishikana na kineno kama up au off, hutoka hapo na maana ambayo hata mama yake mzazi hawezi kuitambua. Tuliyazungumza hayo kwa raha tukikunja mashuka, wala hatukujua kwamba jambo lenyewe lingekuja kutugonga mlangoni.

Asubuhi moja Mama alikunywa chai, na chai ikamtoka pembeni mwa mdomo. Alidhani kikombe kina ufa. Akabadilisha kikombe. Alipojitazama kwenye kioo aliona upande mmoja wa uso umelegea, jicho la upande huo halifungi, na mdomo umevutwa kama wa mtu anayedharau. Tulimkimbiza hospitali tukidhani ni kiharusi. Daktari akatutuliza: ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba, huwapata watu wengi, na kwa kawaida hurudi wenyewe polepole kwa dawa na mazoezi. Akampa matone ya kulainisha jicho na kumwonyesha jinsi ya kulikanda shavu.

Mama alipona hofu, hakupona aibu. Aliacha kukaa kaunta. Alihamia chumba cha nyuma, kwenye pasi, na mtandio kaufunga mpaka puani katika joto lile. Wateja waliambiwa ana mafua. Na alituapisha mmoja mmoja kwamba Chiriku asijue. Alisema, mtu aliyezoea nyuso nzuri atakuja kuangalia nini hapa.

Jioni moja akiwa anakanda shavu lake, Mama alimwambia kaka, kama mtu anayejisemea, kwamba laiti Chiriku angekuwepo angekuwa ameshamchekesha, hata kwa huu nusu mdomo. Wifi alikuwa anaosha vyombo. Akamuuliza mumewe Mama amesema nini, kaka akamtafsiria, na wifi akakaa na neno lile mpaka kesho yake. Alikotoka, watu wakigombana huandikiana. Bila kumwambia mtu, akatafuta namba ya Mama Mdogo kwenye simu ya mumewe, akamwandikia kwa simu hiyo hiyo, kwa Kiingereza kwa kuogopa kuharibu Kiswahili:

"Mum is not well. She wants to make up with you. Please come."

Ujumbe ulimkuta Mama Mdogo amekaa mlangoni akikausha brashi. Alisoma maneno aliyoyaweza, akampelekea fundi wa funguo simu. Fundi akavaa miwani. Akasema, hapa wanasema mama ni mgonjwa, na hapa anataka make up. Akanyoosha tupa yake ya kuchongea kuelekea juu ya mlango wa saluni. Si ndiyo hiyo yako? Na hapa, with you, yaani kwako. Hataki kwa mwingine.

Fundi hakukosea sana. Make up ni kujipamba uso. Lakini make up, likifuatwa na with na mtu, ni kupatana na huyo mtu baada ya ugomvi. Herufi ni zile zile. Angekuwepo mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha pili angemtoa Mama Mdogo gizani, lakini hakuwepo, na mpaka leo nashukuru.

Kwa sababu Mama Mdogo alirudi ndani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akafikiri. Dada yake, aliyemfuta bibi harusi kwa taulo la maji, anaumwa na anataka kupakwa meikapu. Na mpakaji anayemtaka ni yeye. Kwake yeye hiyo ilikuwa zaidi ya samahani. Halafu wazo jingine likamjia: mtu ambaye hajajipaka kitu tangu azaliwe, akiumwa na kuitaka meikapu ghafla, pengine anataka kuacha sura nzuri. Hapo alilia, alinisimulia mwenyewe baadaye, akalia hata fundi akaja na maji. Kisha akapiga moyo konde na kuanza kufungasha. Aliminya krimu mgongoni mwa mkono, akachanganya, akaongeza nyekundu kidogo, akatazama dirishani. Hakuwa na shavu la kulinganisha. Alichanganya kwa kumbukumbu, akaitia kwenye kikopo, akaita teksi.

Mimi nilikuwepo nyumbani mchana ule, nimekuja kumsaidia Mama kukunja mashuka ya nyumba ya wageni. Tulisikia sauti dukani ikisalimia mashine kama ni watu, na Mama akashtuka. Alitaka kukimbilia chumbani kwake, lakini chumba cha pasi kina mlango mmoja, na mlangoni alishasimama Chiriku na sanduku lake.

Mtandio ulikuwa umemwanguka Mama shingoni. Walitazamana. Mama Mdogo aliuangalia ule uso uliopinda, jicho lisilofumba, mdomo uliokwenda upande. Alimwangalia kama anavyomwangalia mteja. Mama akaupandisha mtandio.

"Nimeambiwa unanitaka, dada," akasema Mama Mdogo.

"Nani kakwambia?"

"Si umetuma ujumbe. Unataka meikapu."

Mama akanigeukia mimi. Mimi nikamgeukia wifi, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya Mama Mdogo na uso umemwiva wekundu. Mama Mdogo akanipa simu. Nikasoma, na nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja: nani kaandika, kwa nini, na sanduku lile limekujaje. Ningeweza kunyamaza. Lakini Mama ananijua nikidanganya, kwa hiyo nikawaambia ukweli. Nikasema wifi ndiye aliyeandika, na kwamba maneno haya kwa Kiingereza yana maana mbili, na maana aliyoikusudia si poda. Alikusudia kwamba Mama anataka wapatane.

Mama akaisogeza pembeni pasi iliyokuwa ikipumua mvuke.

"Mimi sikusema hivyo," akasema Mama.

Ilikuwa kweli. Hakusema. Mama Mdogo akatikisa kichwa taratibu, akaweka mkono juu ya sanduku kama anayetaka kulibeba, na nikaona miaka mingine ya kimya inakuja. Wifi naye akaona. Maskini, Kiswahili kikamkimbia chote. Akajitetea kwa lugha ya kwao:

"I didn't make it up!"

Alikuwa anasema kwamba hakuyatunga, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya tatu ya maneno yale: kubuni kitu kisichokuwepo. Lakini Mama Mdogo alishika maneno mawili aliyoyafahamu. Akamgeukia wifi, akamtazama kuanzia nywele mpaka kidevu, akaniuliza kwa upole wa kikazi:

"Kumbe na huyu naye anataka kupakwa?"

Sauti iliyotoka nyuma ya mtandio mwanzoni niliidhani ni kikohozi. Mama alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, upande mwingine ukibaki umesimama kama mgeni asiyeelewa mzaha, na machozi yakamtoka kwenye jicho lile lisilofumba. Mama Mdogo alipoona kicheko kile cha nusu uso akashikwa naye, mimi nikafuata, na wifi, ambaye hakujua tunacheka nini, akacheka kwa sababu amepona lawama.

Mama akajifuta.

"Sanduku lenyewe zito," akasema. "Umelibeba toka huko. Kaa basi, unipake."

Mama hakuweza kulisema neno la kupatana. Alilikubali lile la poda, na kwa mwanamke kama yule ni sawa na kupiga magoti.

Tulimkalisha karibu na dirisha. Mama Mdogo alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaanza kumkanda shavu lililolegea, kutoka kidevuni kwenda juu, akiuliza kama anahisi hapa, na hapa. Aliuliza kuhusu matone ya jicho. Akasema upande huo hatapeleka wanja wala poda karibu na jicho, maana jicho lisilofumba haliwezi kujilinda. Kisha akatoa kikopo chake, akakigusisha kwenye taya ya Mama. Rangi iliyochanganywa kwa kumbukumbu ilizama ndani ya ngozi ikapotea.

Walizungumza wakati huo, kwa sauti ndogo, na mimi nikijifanya nakunja mashuka. Mama ndiye aliyeanza. Pengine kwa sababu alikuwa amefumba jicho lake moja zima, na mtu asiyeona hupata ujasiri.

"Siku ile sikumwona mwanangu pale kwenye kiti," akasema. "Nilimwona mtu anayeondoka. Nikataka kumrudisha."

Mama Mdogo aliendelea na sponji yake.

"Na mimi nilimtukana dobi," akasema. "Dobi aliyenilea. Nililala nalo neno lile kila siku, dada. Nisamehe."

"Nyamaza, utanipaka puani."

Hakumpaka sana. Kidogo tu cha kulainisha rangi, nyusi alizozinyoosha ili ule upande ulioshuka usionekane umeshuka mno, na mafuta mdomoni. Akampa kioo. Mama alijitazama muda mrefu, akigeuza uso huku na huku kwenye mwanga, kama anavyolitafuta doa kwenye shati.

"Mbona hujapaka?"

"Nimepaka."

"Sioni kitu. Ni mimi tu."

"Basi nimepaka vizuri."

Mama akashusha kioo. Akasema kumbe kazi hii anaiweza, akasema kwa sauti ya kulalamika, kana kwamba alifichwa habari. Mchana huo huo alikwenda kukaa kaunta bila mtandio. Mteja wa kwanza, mwalimu mkuu mstaafu anayeleta suti moja kila mwezi, alimsalimia, akamtazama mara mbili, akamwambia pole kwa mafua. Mama akamwambia siyo mafua, ni uso, na utapona. Akampa suti yake.

Ulipona, sehemu kubwa. Mama Mdogo alikuja kila alipofunga saluni kumkanda na kumfanyisha mazoezi: puliza mashavu, inua nyusi, piga mluzi. Mama hakuwahi kupiga mluzi maishani, na ilibidi afundishwe ukubwani. Jicho lilijifunga kabla ya mdomo kurudi. Kwenye tabasamu lake bado pana pindo dogo, na daktari alisema huenda likabaki. Mama anasema halimsumbui, linamfanya aonekane anajua siri za watu, na kwa kazi yake hiyo ni kweli.

Wifi aliomba radhi kwa siku kadhaa mpaka Mama akamwambia aache, akamtafutia na la kumsifu: alimwambia amewahi kuwa na wakwe wa kutosha kwenye ukoo huu waliotumia Kiswahili safi kuwagombanisha watu, na huyu amewapatanisha kwa kukosea. Mimi shuleni, nikifika kwenye make up, huwaandikia wanafunzi ubaoni sentensi tatu, moja kwa kila maana, na huwa siwaelezi kwa nini natabasamu.

Wale wawili wamegombana tena, bila shaka. Haikupita hata miezi mitatu. Mama Mdogo alipanga upya makabati ya jikoni bila kuulizwa, Mama akatafuta chumvi nyumba nzima, na maneno yakatoka ambayo wifi alikataa kabisa kutafsiriwa. Chiriku aliondoka akibamiza mlango, akaapa mbele yetu sote kwamba mguu wake haukanyagi tena pale. Kesho yake asubuhi, kabla chai haijachemka, nilimkuta jikoni na kanga kiunoni, anairudisha chumvi mahali pake, huku Mama akiwa amekaa mezani na kumwelekeza kwa kidole.